Koma sio pumzi: njooni tuhesabu vitenzi vya kingereza chetu

Taipisti_Wandegeya

Habari zenu humu. Riziki yangu ni kutaipu. Nina kompyuta mbili na printa moja kwenye kachumba hapa Wandegeya, Kampala, wanafunzi wananiletea disateshoni, ripoti za fildi, barua za kuomba kazi, kwa hiyo kutwa nzima nasoma kingereza cha watu. Kiswahili nimekua nacho, mzee wangu alikuwa askari polisi na sisi tulilelewa baraksi, pale mtoto wa Kiacholi, wa Kiteso, wa Kilugbara na wa Kinyankole wote mnagombania mpira kwa Kiswahili hata kama kila nyumba ina lugha yake ndani. Nayasema haya kwa sababu makosa nitakayoyaeleza mengi yametoka kwenye lugha zetu, hayatoki kwenye ujinga, na ukishajua yanapotoka kuyarekebisha ni rahisi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma dada mmoja aliniletea sura ya nne ya utafiti wake, wakulima na mbegu bora. Kwenye karatasi ya mkono alikuwa ameandika hivi: "Farmers who had received training used improved seed." Mimi nikaona hii sentensi haina mahali pa kupumua, nikampa koma mbili za bure nikiamini namsaidia: "Farmers, who had received training, used improved seed." Nikaprinti, akalipa, akaenda. Msimamizi wake akairudisha sura nzima. Jedwali lililokuwa juu ya ile sentensi lilionyesha waliopata mafunzo hawafiki hata nusu ya wakulima wake, halafu chini yake sentensi inasema wakulima wote walipata. Akaambiwa matokeo yako yanapingana, kahesabu upya. Yule dada akakaa wiki nzima anarudia hesabu ambayo haikuwa na kosa lolote, kumbe kosa ni koma zangu mbili. Tulipogundua nilimrudishia pesa yake nikamchapia upya, lakini wiki yake sikuweza kumrudishia.

Tangu siku ile nikaamua hii kitu niielewe mpaka mzizi.

Wengi wetu P4 P5, yaani darasa la nne na la tano, tuliambiwa koma ni mahali pa kuvuta pumzi, ukifika pa kupumua weka koma. Na ni kweli zamani sana ilikuwa hivyo, yule mtunza maktaba wa Alexandria, Aristophanes wa Byzantium, yapata miaka 200 kabla ya Kristo alikuwa anaweka vinukta juu, katikati na chini ya mstari ili msomaji wa kusoma kwa sauti ajue atulie kiasi gani. Lakini kingereza cha leo kimeshatoka huko, leo koma inaonyesha vipande vya sentensi vimeungana vipi. Hata jina lenyewe, koma ni neno la Kigiriki lenye maana ya kipande kilichokatwa, na sisi kwa Kiswahili tunaiita mkato, yaani wahenga wetu wa sarufi walilipatia kabisa. Ukiweka koma jua unakata, sasa swali ni unakata wapi na nini kinabaki kila upande.

Vile vipande ndio klauzi, kwenye vitabu vya Kiswahili ni vishazi. Kishazi kina kitu kimoja ambacho hakikosi, kitenzi chenye wakati. Kwetu wakati uko ndani ya kitenzi unauona kwa macho, *alisoma*, ile *a* ni mtendaji, *li* ni wakati, *soma* ni tendo, neno moja tu limeshakuwa sentensi nzima. Kingereza hakiwezi hivyo, lazima kimtaje mtendaji pembeni, "he read", ndio maana sisi tunaandika "The farmers they said", tunatafsiri *wakulima walisema* na ile *wa* tunaigeuza kuwa "they". Kumbe "farmers" ameshatosha.

Sasa dawa ninayotumia mimi kila siku ni hesabu. Tafuta vitenzi vyenye wakati, vihesabu. Halafu hesabu viunganishi. Viunganishi vinatakiwa viwe pungufu kwa kimoja tu. Vitenzi viwili kiunganishi kimoja, vitenzi vinne viunganishi vitatu, kama magogo ya ua na mbao zinazoyaunga, magogo manne yanataka mbao tatu. Angalieni hii: "When I reached Mbale, it was raining, but I continued because the customer was waiting." Vitenzi ni reached, was raining, continued, was waiting. Vinne. Viunganishi when, but, because. Vitatu. Imekaa.

Sasa chukua sentensi iliyoanguka: "The road was bad, we arrived late." Vitenzi viwili, kiunganishi sifuri. Hapo koma imebebeshwa mzigo ambao haina nguvu nao. Ama uweke "so", ama fulstopu, ama nuktamkato (;). Nuktamkato ina nguvu ya kuunga peke yake, ilichapwa mara ya kwanza Venice mwaka 1496 kwa mchapishaji Aldus Manutius, ikiwa nzito kuliko koma na nyepesi kuliko nuktapacha (:), na wanafunzi wetu wanaiogopa kama nyoka wakati ingewaokoa kila ukurasa.

Nimeandika sana, nimepata mteja, narudi.

Mwl_Busia

Dada umeongea jambo. Nafundisha kingereza sekondari huku Busia, na tangu mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipokubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni nimeanza kusaidia na vipindi vya Kiswahili pia, kwa hiyo lugha zote mbili nazishika kwa siku moja darasa moja. Kitu ambacho nakiona kila wiki ni hiki hapa: "Although he was sick, but he came." Naweka alama nyekundu, naeleza, kesho kinarudi. Nikakaa nikajiuliza, nikakuta sisi wenyewe tukiongea tunasema *ingawa alikuwa mgonjwa lakini alikuja* na hakuna anayeshtuka. Kwa hesabu yako vitenzi viwili viunganishi viwili, mbao moja imezidi. Naondoa although au naondoa but, basi. Kesho naingia nayo darasani hivyo hivyo.

Ila nina mawili ya kupinga. La kwanza usitudharaulie pumzi, mtoto wa P4 huwezi kumwambia kitenzi chenye wakati, unamwambia apumue. La pili hesabu yako inavuja. "The phone I bought last week has died." Vitenzi bought na has died, viwili, kiunganishi sioni hata kimoja na sentensi ni sahihi kabisa. Na "He opened the shop, swept the floor and waited", vitenzi vitatu, kiunganishi kimoja. Hapo unasemaje?

Taipisti_Wandegeya

Mwalimu asante sana, hayo maswali yote mawili yalinitesa.

Hiyo ya simu kiunganishi kipo ila kimejificha. "The phone *that* I bought". Sisi hatuwezi kukificha, *simu niliyonunua*, ile *yo* ukiitoa maneno yanavunjika, wao wanaweza. Jaribu kukirudisha "that", kikikaa vizuri kihesabu kama kipo. Kwenye "The road was bad, we arrived late" ukijaribu kuchomeka that hapo kati sentensi inagoma, maana yake hakuna kilichojificha, ni kosa tu. Na kuna mahali hakifichiki hata kwao: "The man sold me the phone has disappeared" ni kosa, hapo lazima who, kwa sababu huyo who ndiye anayefanya kazi ya kuuza. Hilo nalikuta kwenye barua nyingi.

Hiyo ya duka ni orodha. Mtu ni mmoja, anafanya mambo matatu mfululizo, koma kwenye orodha inashika nafasi ya "and" kama vile unavyosema nyanya, vitunguu na chumvi. Hapo hapo kuna jambo lingine dogo, kama mtendaji ni yule yule na matendo ni mawili usikate: "He opened the shop and waited." Akija mtendaji mpya ndio unakata, "He opened the shop, and the customers came." Vishazi vikiwa vifupi sana hata hiyo koma Waingereza wanaiacha, mimi siigombanii.

Ila kwenye pumzi sikubaliani na wewe mwalimu wangu, samahani. Mtoto uliyemwambia apumue ndiye ananijia mimi akiwa na miaka 22 na "The man who sold me the phone, has disappeared." Ukiisoma kwa sauti kweli unapumua baada ya phone, mtendaji ni mrefu, pumzi imekwisha. Lakini pale umemkata mtendaji na tendo lake, kama *yule mtu* umemwacha Jinja na *ametoweka* iko Kampala. Mapumziko ya mdomo yapo mengi kuliko koma.

Clearing_Malaba

Mimi si mtu wa shule sana lakini mpakani hapa kazi yetu yote ni imeili, bosi yuko Nairobi mwenye mzigo yuko Kigali na kingereza ndio kinatembea. Hii ya koma za dada imenigusa kwa sababu nimeshaona kitu kama hicho. Tulikuwa na malori matatu yamepanga, moja silii yake, ile lakiri ya kufungia mzigo, imevunjika, mwenzangu akaandika "The truck, which has a broken seal, should wait." Aliyesoma upande wa pili akaelewa lori ni moja tu na ndilo linasubiri, mengine mawili hakuyatafuta. Mpaka jioni simu zinapigwa. Sasa ni koma kweli au tulikosa bahati? Na hiyo that na which tofauti yake nini, maana kompyuta yangu kila nikiandika which inanipigia mstari chini inataka koma, na mimi naipa.

Taipisti_Wandegeya

Kaka wa Malaba ni koma kweli, na mfano wako ni mzuri kuliko wangu.

Kishazi kinachoanza na who au which kinafanya kazi moja kati ya mbili. Ama kinachagua ama kinaongezea. Kinachochagua kinamwambia msomaji *lipi* kati ya mengi, "The truck which has a broken seal should wait", yaani lile lenye silii iliyovunjika, mengine yaende. Hicho usikiwekee koma hata moja, kwa sababu ukikikata umekitenga na kitu kinachokichagua. Kinachoongezea kinakuja wakati lori limeshajulikana ni lipi, unatoa habari ya ziada tu, "Our only truck, which has a broken seal, should wait", ukikitoa bado tunajua lori gani. Hicho kinawekewa koma mbili, mbele na nyuma, na ile ya pili watu wanaisahau sana, wanafungua mlango hawafungi.

Jiulize nikikifuta hiki kishazi bado wanajua ni yupi? Wakijua, koma mbili. Wasipojua, hakuna koma. Ndio maana jina la mtu au mji likitajwa kinachofuata karibu kila mara kinaongezea, "Gulu, which is in the north,", Gulu haihitaji kuchaguliwa.

That inachagua tu, haikai na koma za namna hii kabisa. Which kwa Waingereza inafanya kazi zote mbili, Wamarekani wengi ndio wanapenda which ibaki kwenye kuongezea. Na Word nyingi zinazowashwa hapa mjini zimekaa kwenye kingereza cha Marekani bila mwenyewe kujua, ndio maana inakupigia mstari. Ule mstari ni swali, haujui una malori mangapi. Wewe ndiye unajua. Nawaomba sana msiwe mnabonyeza kukubali tu.

Karani_Mahakamani

Nimesoma kimya kimya nikashindwa kunyamaza. Kwenye sheria koma inalipwa pesa. Jimbo la Maine, Marekani, madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst walidai malipo ya saa za ziada. Sheria ilikuwa imeorodhesha kazi zisizolipwa ovataimu na mwisho wa orodha ikasema "packing for shipment or distribution", bila koma kabla ya "or". Madereva wakasema hapo ni kazi moja, kufunga mizigo, na sisi hatufungi, sisi tunasambaza. Mahakama ya rufaa mwaka 2017 ikaona sheria haieleweki ikawapa madereva haki ya kuendelea na kesi, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5 kuimaliza. Koma moja ambayo haipo.

Taipisti_Wandegeya

Hiyo ni koma ya orodha, ndugu karani, si ya vishazi, lakini asante, nitaibandika ukutani wateja waione.

Naomba nirudi kwenye however kabla sijasahau, kwa sababu kwenye disateshoni hii ndiyo inaongoza, naiona kuliko although na but. "The rains were heavy, however, the harvest was good." Watu wanaamini however ni kiunganishi kama but kwa sababu maana inafanana. Si kiunganishi. Kipimo chake ni rahisi, kiunganishi cha kweli hakitembei. However inatembea: "the harvest, however, was good", "the harvest was good, however". Jaribu but itembee, "the harvest, but, was good", hata masikio yanakataa. Kinachotembea usikihesabu. Therefore, moreover, then, kwa kingereza zote zinatembea. Kwa hiyo pale juu ni vitenzi viwili na kiunganishi sifuri, inatakiwa "The rains were heavy; however, the harvest was good."

Halafu kishazi tegemezi, yaani kile kisichoweza kusimama peke yake. Kikitangulia weka koma mwisho wake, "When it rained, we stopped", kikifuata nyuma mara nyingi usiweke, "We stopped when it rained." Ila because ikifuata kitenzi cha kukanusha simama ufikiri. Juzi nimetaipu barua, kijana kaandika "I did not leave my job because the salary was low." Nikamuuliza, uliacha au hukuacha? Akasema niliacha, ila sababu haikuwa mshahara. Mwingine angesoma kwamba hakuacha. Na jamani hata Kiswahili chetu kina mtego ule ule, *sikuacha kazi kwa sababu mshahara ulikuwa mdogo*, tunautatua kwa sauti tu, na barua haina sauti. Tukaibadilisha kabisa, "I left my job, but not because the salary was low." Mara nyingine koma haitoshi, unapanga sentensi upya.

Kijana_Arua

Shikamoo dada, shikamoo mwalimu. Niko S6, kidato cha sita, na General Paper, ule mtihani wa insha, inaniua, mwalimu wetu anaandika tu "punctuation!" pembeni hasemi wapi. Nimeandika hii naomba mniangalie: "Although our district has good soil, but many farmers are poor. The roads are bad, therefore the crops rot. The middlemen who they buy the maize, they give low prices. The farmers having no choice."

Mwl_Busia

Marahaba mwanangu. Hii ya tatu ndiyo Kiswahili kitupu. *Walanguzi ambao wananunua mahindi wanatoa bei ndogo*, kila *wa* umeifanyia "they". Who ameshambeba mtendaji, they wa kwanza aondoke. Middlemen ameshatajwa, they wa pili aondoke, na koma uliyoiweka mbele yake ifuatane naye. Ni sawa na wale wanaoniandikia "the man whom I saw him", *mtu niliyemwona*, ile *mw* inawasindikiza mpaka kwenye kingereza.

Dada, hesabu yako nimeikubali. Pumzi nitaiacha kwa P4 tu.

Taipisti_Wandegeya

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu amemaliza ya tatu. Ya nne hesabu vitenzi vyenye wakati. Having hana wakati, ni kama *wakiwa*, na ukisema *wakulima wakiwa hawana la kufanya* ukanyamaza mtu anakungoja umalize. Kwa hiyo vitenzi ni sifuri, hiyo si sentensi bado. Mpe wakati, "have", au ishikize kwenye sentensi ya jirani. Hizo mbili za mwanzo fanya mwenyewe utuletee.

Kijana_Arua

Nimejaribu: "Although our district has good soil, many farmers are poor. The roads are bad, therefore, the crops rot. The middlemen who buy the maize give low prices, and the farmers have no choice."

Taipisti_Wandegeya

Ya kwanza safi. Ya mwisho nimeipenda, vitenzi vitatu viunganishi viwili na koma umeweka pale mtendaji mpya alipoingia. Ya pili umeongeza koma lakini hesabu haijabadilika. Therefore inatembea au haitembei?

Kijana_Arua

Inatembea. "The crops therefore rot." Kwa hiyo viwili kwa sifuri. Naweka nuktamkato baada ya bad.

Taipisti_Wandegeya

Weka. Na ile insha nyingine uliyorudishiwa ilete yote, nipo hapa mpaka saa mbili usiku.